Kibao cha Kuchorea na Kimo cha Alifu

Mwenye kwenda dukani kununua kibao cha kuchorea kwenye kompyuta aghalabu husomewa kwanza hesabu iliyopigwa chapa juu ya sanduku, ya kwamba kalamu hii hutambua madaraja 4,096 ya mkandamizo na ile 8,192. Naye, kwa kuwa hesabu ya pili ni maradufu ya ile ya kwanza, hudhani kuwa ubora nao umeongezeka vivyo hivyo, akalipa akaenda zake. Mimi nilikuwa na kazi isiyosamehe kosa la mkono, nayo ni kuandika majina ya kanga kwa khati ya Kiarabu, kama zilivyoandikwa kanga nyingi za zamani kabla herufi za Kirumi hazijashika. Na kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kuiacha hesabu ya sanduku na kushika rula.

Katika khati, tangu zama za Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, herufi hupimwa kwa nukta, yaani ile alama ya pembe nne iachwayo na ncha ya kalamu ikiburutwa kadiri ya upana wake. Panga nukta saba, moja juu ya mwenziwe, nawe umepata kimo cha alifu kwa kanuni mashuhuri ya khati iitwayo thuluthi. Basi siku nilipoanza kuandika kwenye kibao changu cha kwanza, kidogo, cha milimita 152 kwa 95, alifu zote zilitoka fupi na bakuli la nuni likabonyea. Nikaulaumu mkono wangu wiki nzima, hata niliporudi kwenye kalamu ya utete na wino nikaona kwamba juu ya karatasi mkono ule ule unaandika alifu iliyosimama sawasawa.

Sababu imo katika namna kibao kinavyofanya kazi. Kipanya huiambia kompyuta, "nimesogea kulia kidogo," lakini kalamu husema, "nipo hapa," na kila mahali juu ya kibao pana mwenzake mmoja juu ya kioo. Asili ya tabia hiyo ni ya zamani: mwaka 1964, katika taasisi ya RAND mjini Santa Monica, Davis na Ellis walieleza kibao chao cha inchi 10 kwa 10, kilichotandazwa nyaya 100 katika kila inchi, kikaweza kutofautisha mahali zaidi ya milioni moja, ijapokuwa kalamu yake ilikuwa ingali imefungwa kwa waya. Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ilijulikana kwa kuondoa waya huo, na betri pia: nyaya za kibao hutoa mawimbi ya sumaku-umeme, koili iliyomo ndani ya kalamu huyapokea na kuyarudisha, kisha kibao hunyamaza kidogo kikasikiliza mwangwi wake, na kwa kulinganisha nguvu ya mwangwi huo baina ya waya na waya hukadiria mahali ncha ilipo.

Sasa, kibao changu kilikuwa na nisba ya 16 kwa 10, ilhali kioo cha kompyuta kina nisba ya 16 kwa 9, na programu ya kibao, isipoambiwa vinginevyo, hulazimisha kile kifuate hiki pembe kwa pembe. Natija yake ni kwamba upana hubaki ulivyo, lakini kimo hupungua sehemu moja katika kumi, na alifu ya nukta saba huwa ya nukta sita na robo hivi. Dawa yake ni kuiamuru programu ihifadhi nisba, na gharama yake ni ukanda wa kibao unaobaki bila kazi. Jambo hili, ambalo humpotosha kila mchoraji wa nyuso na wa majengo, sikulikuta limeandikwa juu ya sanduku lolote.

La pili ni ukuzaji. Kioo cha inchi 24 kina upana wa milimita 531 hivi, kwa hiyo kosa la milimita moja juu ya kibao cha milimita 152 huwa kosa la milimita tatu na nusu juu ya kioo. Juu ya kibao cha milimita 216 huwa mbili na nusu. Na juu ya kile kikubwa cha milimita 311 halifiki mbili. Kikubwa, hata hivyo, hudai bega zima lifanye kazi, na meza yangu ni nyembamba. Nilichukua cha kati, 216 kwa 135, nikakubali kupoteza milimita 13 na nusu za kimo chake kwa ajili ya nisba.

Ama yale madaraja ya mkandamizo, mimi niliyazima kabisa, kwa maana ncha ya khati ina upana mmoja, na unene wa mstari hutokana na pembe. Hata mwenye kutia vivuli azingatie kwamba picha ya kawaida huhifadhi kila rangi kwa madaraja 256 tu. Linalomfaa zaidi ni kujua mguso mwepesi kuliko yote ambao kalamu inausikia: aishike kwa vidole viwili, aiache iteleze kwa uzito wake yenyewe, atazame kama mstari unaanza.

Kisha aweke rula kimshazari juu ya kibao, aivute kalamu polepole sana, huku amezima kile kisaidizi cha programu, kama kilichomo katika Krita, ambacho hulainisha mistari. Hapo ndipo makadirio ya baina ya waya na waya hufichuka, kwa sababu kibao dhaifu hutoa mstari wenye mawimbi. Nilivijaribu vitatu kwa njia hii. Kimoja, kilichokuwa ghali kuliko kile nilichokinunua, kilitetemeka karibu na ukingo.

Limebaki moja ambalo kibao changu hakiliwezi. Mwandishi wa khati huizungusha kalamu kidogo anapomaliza mkia wa herufi, akaandika kwa kona ya ncha. Kalamu yangu hujua kuinama, lakini kujizungusha haijui. Mikia yote, kwa hiyo, naimaliza kwa ncha nyembamba, nikijaza na kufuta, na jina moja la kanga hunichukua asubuhi nzima.