Kuuza Probox Nyeri: bei hupangwa kabla mnunuzi hajafika

Ukiuliza Nyeri mjini Probox ya mkononi inauzwa pesa ngapi, wengi watakujibu kwa kusoma namba pleti. KCA ni ya kale, KDA ni ya juzi, basi bei ni hiyo. Hesabu hii imewapunja wauzaji, na imewapunja wanunuzi zaidi, na anayetaka kuuza kwa haki aiweke kando kabla ya kitu kingine chochote.

Namba pleti inasema gari lilisajiliwa Kenya lini. Mwaka wa kutengenezwa haisemi. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa halijapita miaka minane, na mfululizo wa KDA ulianza 2020, wakati gari la 2013 bado liliruhusiwa kushuka Mombasa. Kwa hiyo Probox mbili za KDA zinaweza kuegeshwa bega kwa bega sokoni Karatina, moja ya 2013 na nyingine ya 2017, na zikawa magari mawili tofauti kabisa. Toyota ilibadilisha umbo la Probox mwaka 2014: ile ya kwanza, iliyotoka 2002, ina giaboksi ya kawaida, iwe ya mkono au otomatiki ya gia nne, hii ya pili ina CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Bei zake hazilingani, vipuri vyake havilingani, hata mnunuzi wake si mmoja. Mkulima anayepakia kabichi kutoka Kieni mara nyingi huitafuta ile ya zamani, maana fundi yeyote wa Ruring'u anaijua. Fungua logibuku usome mwaka wa kutengenezwa, kisha uanzie hapo.

Hatua inayofuata ni kutafuta bei zilizouza, na hapo ndipo kazi ilipo. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ni ombi tu. Gari linaweza kukaa na ombi hilo miezi mitatu bila mtu kuliuliza. Bei iliyouza ni ile pesa iliyohama mfuko, na anayeijua vizuri ni fundi aliyeitwa kulikagua gari siku ya mauzo. Mafundi wawili watatu wakikutajia Probox za mwaka wako, injini yako na giaboksi yako zilizobadilisha mikono karibuni, una msingi ambao hakuna broka atakayeutikisa. Nasisitiza karibuni. Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 kabla ya kurudi kwenye 130 hivi katikati ya mwaka huo. Gari jipya likipanda bei bandarini, la mkononi nalo hupanda, hata kama limezeeka mwaka mzima. Aliyenunua 2021 akaweka bei kwa kupunguza kidogo kila mwaka angeuza kwa hasara bila kujua.

Kisha zipime hizo bei kwa pande mbili. Yadi ya magari itakuwa juu yako, na ina sababu: inalipa kodi ya kiwanja, inapokea gari la zamani kwa kubadilishana, inamtafutia mteja mkopo wa benki. Wewe huna hayo, hivyo huwezi kudai bei yake. Broka atakuwa chini yako, kwa kuwa anatoa pesa leo na lazima auze tena kwa faida. Bei ya haki kati ya watu wawili iko katikati ya hao.

Tuseme, kwa mfano tu, mafundi wamekutajia mauzo ya takriban 700,000. Yadi inaomba 780,000, broka anatoa 580,000. Sasa lipeleke gari lako kwa fundi ambaye si wako, alikague kana kwamba ananunua yeye. Probox za huku zinafia nyuma. Zimebeba mitungi ya maziwa Mukurwe-ini, magunia ya viazi na abiria kupita kiasi kwenye murram, na wenye gari wengi wameinua nyuma kwa raba au springi nzito. Tazama mashokabu, bushi, na tairi za nyuma zinavyolika upande mmoja. Fundi akisema mashokabu na bushi ni 18,000, tairi mbili 14,000, mlango uliokwaruzwa 8,000, jumla ni 40,000. Toa. Umebaki na 660,000, na hiyo ndiyo thamani. Omba 690,000, kwa kuwa mnunuzi wetu hajisikii amenunua kama hakupunguziwa, na ujue moyoni kwamba chini ya 650,000 hushuki.

Swali linaloleta ugomvi ni la pesa ulizotumia. Umefungua injini ukaitengeneza kwa 90,000, je, uziongeze juu ya bei? Hapana. Yale mauzo ya 700,000 yalikuwa ya magari yenye injini nzima. Matengenezo yanakurudisha kwenye msingi, hayakupandishi juu yake. Redio kubwa na rimu za kung'aa hata msingi hazigusi. Risiti, hata hivyo, zitunze zote, kwa kuwa zinafunga mjadala. Na ziwe za kweli: injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5, hutumia cheni ya kuendeshea kamshafti, si mkanda. Muuzaji anayejisifu kwamba amebadilisha mkanda wa taiming anajivunjia imani mwenyewe, na mnunuzi anayetaka apunguziwe kwa sababu ya mkanda huo hana haki.

Mnunuzi mwerevu atakuja alfajiri, injini ikiwa baridi, hasa Julai ambapo baridi ya Nyeri haifichi injini mbovu. Usimpashie moto gari. Mwache aliwashe mwenyewe, alipandishe mlima wa kuelekea Tetu, na kama ni CVT, alipandishe likiwa na mzigo.

Msimu nao una sauti. Bonasi ya majani chai inapoingia Oktoba, wanunuzi wenye pesa taslimu huongezeka Othaya na Tetu. Januari karo inawabana wote, wauzaji wanakuwa wengi na kila mmoja ana haraka. Anayeweza kusubiri asiuze Januari.

Limebaki jambo la karatasi, nalo lina thamani yake kwenye bei. Logibuku yenye jina la mkopeshaji pamoja na lako haiuziki kwa bei kamili mpaka deni liishe. Mnunuzi anaweza kutafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen kwa shilingi 550, kwa hiyo mweleze deni hilo kabla hajaiona. Sheria ya Trafiki inamtambua aliye kwenye rejista kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililouzwa halipaswi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Andikeni kwenye mkataba nani atalipa ada ya kubadilisha jina, na wewe muuzaji uanzishe uhamisho huo siku ileile pesa zinapoingia, mnunuzi akiwa ameketi kando yako na simu yake mkononi ili aukubali hapo hapo.