"Cha Kutumaini Sina": Sarufi ya Tumaini katika Uimbaji wa Msibani, Mbeya na Iringa

Makala haya yanahakiki namna tumaini linavyojengwa kisarufi katika wimbo wa ibada, kwa kuchunguza anwani ya "Cha Kutumaini Sina", uliomo katika Tenzi za Rohoni. Muktadha wake ni Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionesha kuwa maambukizi ya VVU nchini yalikuwa asilimia 7 ya watu wazima, ilhali Mbeya na Iringa kila moja ilizidi asilimia 13. Katika misiba ya miaka hiyo ambayo mwandishi wa makala haya alihudhuria, wimbo huu haukukosekana.

Wapo wanaoziona nyimbo za aina hii kuwa kasumba: tafsiri za kigeni zinazomliwaza mfiwa ili asiulize. Hoja hiyo ina uzito. Wimbo unaoahidi uponyaji wa hakika ungeweza kumchelewesha mgonjwa kufika kliniki, hata baada ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bila malipo. Hata hivyo, hoja hiyo haiugusi wimbo huu.

Utenzi wa Kiingereza wa Edward Mote, wa karne ya 19, huanza na tumaini lililokwisha kujengwa. Kiswahili kimegeuza mpangilio huo. Katika kirai "cha kutumaini", kiunganifu "cha" kinapatana na nomino ya ngeli ya KI-VI, yaani "kitu", ambayo imedondoshwa. Kirai hicho kimetangulizwa, na kitenzi kanushi "sina" kikaachwa mwisho. Msikilizaji hutajiwa tumaini, kisha papo hapo huambiwa kwamba halipo. Sentensi imekamilika, faraja itakayofuata haina budi kuanzia kwenye upungufu huo.

Kiarudhi, anwani ina mizani 8, kama kipande cha utenzi wa jadi. Lakini lahani iliyotungiwa Kiingereza huelekea kuweka pigo kwenye silabi ya mwisho ya "sina", wakati mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wahakiki wengi wangeliita hilo dosari ya tafsiri. Nakubali kuwa ni dosari; ila msibani, pale waimbaji wanapoivuta silabi hiyo, ukanushi ndio unaobaki sikioni.

Jambo la tatu ni nafsi. "Sina" ni umoja, lakini huimbwa na umati. Mjane, jirani aliyeleta kuni na mwanakwaya kila mmoja husema "mimi", na hakuna anayemsemea mfiwa. Umma hauzungumzi juu ya upungufu wa mtu mwingine. Kila mtu anakiri wa kwake. Katika miaka ambayo ugonjwa ulitenga watu kwa unyanyapaa, umoja huo wa kisarufi ulikuwa na maana ya kijamii.

Nyimbo nyingi za sifa za leo huelekea kuruka hatua hii: huanzia kwenye ushindi, kwa kiambishi cha wakati timilifu "-me-", kana kwamba vita vimekwisha. Haziwi mbaya kwa sababu hiyo pekee. Lakini mtu aliyetoka makaburini asubuhi hiyo hapati ndani yake mahali pa kusimama. Makala haya yanahitimisha kwamba tumaini la wimbo wa ibada lipimwe kwanza kwa ujasiri wake wa kukanusha.