Ugeuze karatasi kwanza: namna ya kupima chapa ya mbao

Mnunuzi mgeni akipewa picha iliyochapwa kwa ubao huuliza inasema nini. Mjuzi huigeuza. Mgongoni mwa karatasi ndiko kazi inakojieleza: mahali palipokandamizwa kwa mgongo wa kijiko pana mng'ao wa viduara, na palipopita mashine ya kukandamizia pana bonde jembamba linalofuata kingo za ubao. Kijiko si aibu. Chapa nyingi nzuri zimetolewa kwa kijiko na subira. Tatizo ni pale mkandamizo ulipokuwa mkali upande mmoja na hafifu upande mwingine, bila mchapaji kuwa amekusudia hivyo.

Baada ya mgongo, tazama mstari. Katika chapa ya mbao, msanii hakati mstari mweusi. Anakata kile kinachouzunguka, na weusi ni kilichosalia. Kwa hiyo ukingo wa kila mstari una historia ya patasi mbili, moja kila upande. Patasi kali huacha ukingo safi hata mstari unapopinda, lakini butu huchana nyuzi za mbao na kuacha mikwaruzo ambayo mwanafunzi mjanja atakuambia ni mtindo. Huenda ni kweli. Mwombe akuonyeshe mikwaruzo hiyo ikirudi mahali pengine katika picha ileile; kama haipo, patasi ndiyo iliyoamua.

Kwa mwanafunzi wa Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami, somo la mstari liko karibu. Hapa ni katika nchi ya Waluba, na miongoni mwa kazi zao mashuhuri ni lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye. Ni kipande cha mbao kinachoshikika kwa mkono, mara nyingi kimebanwa kiunoni, na upande wa mbele kimepachikwa shanga na kauri. Mjuzi wa Mbudye alipitisha kidole juu yake akisimulia habari za wafalme, akina Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga, pamoja na safari na mahali patakatifu. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa chifu na watu wake; msururu wa shanga uliweza kuwa njia. Mgongo wa ubao huchongwa michoro inayofanana na chale za mwilini na gamba la kobe.

Lukasa haikupakwa wino, wala haikukusudiwa kuchapa kitu. Lakini inatoa kipimo kikali: kila alama ilikuwa na kazi, na mtu aliyejua kazi hiyo alikuwepo. Ndiyo maana chapa zinazotawanya pembetatu na chale za Kiluba kila pembe, kama nakshi ya kitambaa, huchosha haraka. Muulize msanii kijana mstari fulani unafanya nini. Akijibu tu kwamba huo ni utamaduni wetu, weka fedha mfukoni na uendelee kutazama.

Katanga, eneo lenye Kamina, ilishawahi kujadili suala hilo la kuiga. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya Le Hangar mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akiwataka wachoraji vijana wachore walichokiona wenyewe badala ya kuiga picha za Ulaya. Mwenze Kibwanga alitoka humo na michirizi mifupi inayolala sambamba juu ya turubai yote. Alitumia brashi, lakini mwanafunzi wa patasi atanufaika zaidi na michirizi hiyo kuliko na nakala kumi za barakoa.

Weusi nao una daraja zake. Wino ukiwa mchache, uso hujaa chembe nyeupe. Ukizidi, mistari myembamba huziba. Chapa za linoliamu za John Muafangejo, aliyesomea Rorke's Drift huko Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1960, ni darasa la weusi uliotulia na weupe uliokatwa kwa uhakika. Zina maneno pia, na kila herufi ilibidi ikatwe kinyume ili isomeke karatasini. Herufi iliyogeuka katika kazi ya mwanafunzi ni ushahidi kwamba hakufanya jaribio la kwanza, au alilifanya akalipuuza.

Rangi ni mtihani mgumu zaidi. Fred Mutebi wa Uganda hutumia ubao mmoja kwa rangi nyingi: anachapa, anakata zaidi, anachapa tena juu ya karatasi zilezile, mpaka ubao umeliwa. Hakuna kurudi nyuma. Tazama mahali rangi mbili zinapokutana. Utepe mweupe usio na sababu unaonyesha karatasi haikukaa mahali pake.

Ubao wenyewe huzeeka. Katika chapa za baadaye za wimbi kubwa la Hokusai, la mwaka 1831 hivi, mistari inayozunguka jina la picha imekatika, kwa kuwa mbao zilichakaa kwa kazi nyingi. Kwa chapa ya mwanafunzi ya toleo dogo, tofauti ya 3/20 na 17/20, yaani nakala ya tatu na ya kumi na saba kati ya ishirini, haina uzito huo. Linganisha nakala zenyewe, uchague iliyokaa vizuri. Namba na sahihi viandikwe kwa penseli. Herufi E.A. humaanisha nakala ya msanii, nje ya hesabu ya toleo. Zikiwa nyingi kuliko toleo lenyewe, uliza. Kioo cha kukuza kikionyesha nukta ndogo zilizopangwa kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine ya ofisini, hata kama sahihi ni ya kweli.

Mwishowe omba kuona majaribio, zile karatasi zenye madoa ya wino na alama za penseli ambazo msanii hakukusudia kuuza. Ziweke kwa mpangilio, utafute mahali alipoondoa kitu kilichokuwa tayari kizuri kwa sababu kilikuwa kinaziba kingine. Ukipata jaribio la namna hiyo, zungumzia bei ya chapa ya mwisho, kisha uulize kama na hilo jaribio linauzwa.