Kibwengo wa Mtoni na Mkono wa Mmakonde

Kumtungia mtoto hadithi ya kibwengo wa mtoni ni kazi ya hatari. Kibwengo akitisha mno, mtoto halali. Akiwa mpole mno, mtoto anasinzia kabla ya ukurasa wa pili. Nikiulizwa nani aliiweza kazi hiyo hapa Tanzania, namtaja mtu ambaye hata mwandishi hakuwa: mchoraji na mchongaji wa Kimakonde George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi mwaka 1934, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Mashetani aliowachora na kuwachonga, jamaa za kibwengo wetu, ni wafupi, matumbo mbele, masikio mapana kama ungo, nyayo zenye vidole viwili vitatu. Hawamnyongi mtu. Wanabebana, wanasengenyana, wanacheza ngoma. Ukimtazama mmoja kwenye ngozi ya mbuzi aliyoichora Lilanga, unajua kamkasirikia nani na anataka kukimbilia wapi. Na huyu bwana alianza kama mlinzi tu pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam. Mwaka 1978 kazi zake zikaoneshwa Washington.

Mtindo wenyewe wa Wamakonde wa kuchonga shetani si wa kale. Ulichipuka miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa. Mchongaji wa shetani hakinyooshi kipande cha mpingo kilichopinda. Anakizungusha mkononi, anakipima kwa macho: hapa pana mgongo, penye fundo patatoka goti. Ndipo tezo inaanza, halafu patasi, mwisho msasa mpaka weusi ung'ae. Mtunzi wa watoto angejifunza hapo, maana wengi wetu tunainyoosha hadithi mpaka inakosa kiungo cha kuchekesha.

Na kwa nini kibwengo akae mtoni? Nenda kwa Wamakonde, Chilangala, au kokote juu ya uwanda wa Newala. Mvua inanywewa na mchanga. Maji yako bondeni, na kwa miaka mingi akina mama waliyapandisha kwa kichwa. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika kisa cha asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza, asiyeoga wala kunyoa, alichonga sanamu ya mti. Usiku ikawa mwanamke. Wakateremka mto Ruvuma kuoga, mtoto wao akazaliwa mfu. Bonde la Mbwemkuru nalo likawapa msiba uleule. Waliporudi juu, Mahuta, mtoto wa tatu akaishi.

Basi kwa mtoto wa uwandani mto unatamanika na unaogopesha kwa pamoja. Kibwengo hahitaji makao mengine.

Wachapishaji wetu, mnapotafuta michoro ya kitabu kama hicho, achaneni na vile vijibinti vyenye mbawa vya Ulaya. Mwiteni kwanza mchongaji wa Kimakonde, mumlipe vizuri, na jina lake liwe juu ya jalada pamoja na la mwandishi.