Mashua Zilivutwa na Nani?

Ukisoma wasifu wa afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, umesoma karibu zote. Chukua wa Raymond Spruance. Alizaliwa Baltimore mwaka 1886, akahitimu Annapolis mwaka 1906, akazunguka dunia na manowari nyeupe za Rais Roosevelt, akapandishwa cheo, akakabidhiwa meli, akakabidhiwa kubwa zaidi, akapigana Midway mwaka 1942, akastaafu, akafariki. Mwaka 1975 manowari mpya ikaanza kazi ikiwa na jina lake. Kiima hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Ile -ka- inasukuma kila sentensi mbele bila kuuliza sababu. Hata kifo hakikatishi mtiririko, maana mtu akishakwisha kuna chuma cha kumrithi jina.

Sisi tunaoishi Chanika tunaujua utanzu huu vizuri, ingawa hatuuiti utanzu. Msibani, kabla marehemu hajatolewa, ndugu mmoja husimama na karatasi yake: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishiwa Dodoma, alioa, alianza kusumbuliwa na presha. Mpaka hapo Spruance na mzee wetu wa Buyuni wako sawa. Wanaachana mwishoni, pale karatasi yetu inapogeuka na kuanza kutaja watu wengine: ameacha mjane, watoto na wajukuu; familia inawashukuru madaktari, majirani, wanakikundi, mwenye gari aliyembeba usiku ule. Sehemu hiyo ya shukrani wengi huiona ya kuchosha, na vijana huanza kupanga viti upya ikisomwa. Kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote kimuundo, kwa sababu inamtaja kila aliyemshika marehemu mkono. Wasifu wa afisa hauna mahali pa watu hao.

Kasoro hiyo haionekani sana afisa akiwa baharini, kwa sababu meli inaficha mengi. Inajitokeza afisa akipelekwa nchi kavu, na kwa hilo tunaye mfano wetu wenyewe, Geoffrey Spicer-Simson wa jeshi la majini la Uingereza. Huyu alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshini akiwa na miaka 14. Mwaka 1915 alipewa kazi ya kuipokonya Ujerumani Ziwa Tanganyika kwa mashua mbili za injini, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, akaziita Mimi na Toutou.

Ukiandika tukio hilo kwa kanuni ya utanzu, linatosha mistari mitatu. Aliondoka Uingereza Juni 1915. Aliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba. Aliizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916, akatunukiwa nishani. Hakuna uongo humo. Ila tazama pengo kati ya Juni na Desemba. Mashua zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume huko Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele yake ilikuwa milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 za pori hadi Sankisia. Njia ilifyekwa, madaraja yalijengwa, mashua zilivutwa na matrekta ya mvuke na maksai. Baadaye zikapanda treni tena, zikashuka mto Lualaba, zikamalizia kwa reli hadi kandokando ya ziwa, karibu na Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba.

Rudi kwenye vitenzi vya aya iliyopita. Nimeviandika kwa makusudi jinsi utanzu unavyovitaka: ilifyekwa, yalijengwa, zilivutwa. Vitabu vya habari hii ni vya Kiingereza, lakini ujanja wa kauli ya kutendwa ni uleule katika lugha zote mbili: kitendo kinabaki, mtenda anatoweka. Matrekta na maksai nimeyapa ile "na" ya kuonyesha mtenda, ila wafyekaji na wajenzi nimewanyima. Mashine ina jina na ng'ombe ana jina. Mwenye panga hana. Walikuwepo wanaume wa vijiji vya njiani waliokata miti kwa mamia, na matrekta yalipokaukiwa maji wanawake walibeba mitungi kichwani ili yapate kutembea. Bila mitungi ile hakuna tarehe 26 Desemba. Katika rekodi ya utumishi kitendo hicho kimezimwa ndani ya neno moja tu, kwamba mashua "zilifika".

Kuna waandishi walioona kwamba mistari mitatu haitoshi, na hapo ndipo uhakiki unanoga. Frank Magee, aliyekuwa ndani ya msafara, aliandika makala ndefu katika National Geographic mwaka 1922. Baadaye alikuja Peter Shankland na kitabu chake cha mwaka 1968, kisha mwandishi wa riwaya Giles Foden mwaka 2004. Kwa kupanua safari ya nchi kavu wamerekebisha uwiano. Pambano la Kingani lilikwisha mapema kuliko mechi moja ya mpira, lakini safari ilikula miezi, na kitabu kinachoipa safari kurasa nyingi kuliko mizinga kinatendea haki muda wenyewe. Hilo nawapongeza.

Ila Foden, na kabla yake Shankland, walipoacha sauti ya rekodi walikimbilia kichekesho. Malighafi ilikuwepo tele. Spicer-Simson alikuwa na chale za nyoka mwilini, alivaa sketi ya kaki kambini, alijisifu kupita kiasi. Wenyeji wa kando ya ziwa walimwita Bwana Chifunga Tumbo, na jina hilo linarudiwa kila mara habari hii inaposimuliwa. Kicheko kinamshusha shujaa, na wengi wetu tunafurahi kuona mkoloni akishushwa. Mimi nina wasiwasi na furaha hiyo. Angalia wenyeji wanaingia lini kwenye masimulizi wakiwa na sauti: ni pale wanapomtazama afisa akioga na chale zake, wakashangaa. Yaani wamepandishwa kutoka kutokuwepo hadi kuwa watazamaji. Wale wa mapanga na mitungi wanabaki kundi, na jina pekee wanalopewa nafasi ya kulitoa ni la utani juu ya mzungu. Kiima hakijabadilika. Jana alikuwa jasiri, leo ni kituko, sentensi bado ni yake.

C. S. Forester alikuwa mjanja zaidi. Katika The African Queen, riwaya yake ya mwaka 1935, alimtoa afisa katikati kabisa, akaweka fundi wa mashua na dada wa mmisionari. Jeshi la majini linakuja mwishoni na mashua zake mbili, linamaliza kazi kwa kurasa chache, bila chale wala sketi. Kimuundo ni uamuzi mzuri. Kwa bahati mbaya ziwa na mto wake ni karibu vitupu, na kuvuta mashua sasa kumekuwa kazi ya wazungu wawili. Aliyepata kiima kipya hakuwa wa huku.

Labda tungetafuta kiima pengine kabisa. Meli ambayo Spicer-Simson hakuthubutu kupigana nayo, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam na kupanda Reli ya Kati. Makasha hayo yalipita Pugu, jirani zetu hapa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 baada ya kuipaka injini mafuta mazito isioze, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ukiandika wasifu wa meli hiyo huwezi kukwepa abiria, makuli, mafundi na wauza dagaa, maana bila wao haina habari.

Nikirudi kwa afisa, kuna jambo ambalo rekodi na kichekesho vimelifanya kwa pamoja. Spicer-Simson alitumia miaka mingi ya maisha yake kupima maji. Kabla ya vita alipima mto Yangtze, kisha mto Gambia. Baada ya vita alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, Monaco, kuanzia 1921 hadi 1937. Ni miaka 16 ya kazi ya mezani, ramani na barua. Rekodi inaipita haraka kwa sababu haina mizinga. Waandishi wa kichekesho wanaipita haraka zaidi, na sababu yao ni mbaya kuliko ya rekodi: mpumbavu wao hawezi kuwa mtu aliyeaminiwa miaka hiyo yote kusimamia kazi ya vina vya bahari za dunia. Ili siku mbili za ziwani zichekeshe, ilibidi miaka hiyo ifanywe tanbihi.