Kijiji cha Ufipa Kilichoshushwa Usawa wa Bahari

Hakuna kijiji cha Ufipa, mkoani Rukwa, kilicho usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu, na hata anayeteremka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa hukuta ardhi ya mita 800 hivi. Hata hivyo ni rahisi kijiji cha huko kuingia kwenye kanzidata kikiwa na mwinuko wa mita 0, na wa kulaumiwa si mpima ardhi. Ni skripti iliyosoma faili la matini kwa pupa.

Faili lenyewe linapatikana kwa yeyote. GeoNames, hifadhi ya majina ya mahali iliyoanzishwa na Marc Wick wa Uswisi, hutoa bure faili moja kwa kila nchi, na la Tanzania linaitwa TZ.txt. Kila mstari ni mahali pamoja: mji, mto, kilima, ziwa. Kila mstari una vipande 19 vilivyotenganishwa kwa Tab, bila vichwa vya safu juu, kwa hiyo skripti lazima ijue yenyewe kwamba kipande cha pili ni jina, cha tano latitudo na cha 11 msimbo wa mkoa.

Wanaotumia PHP wengi hukimbilia fankisheni ya fgetcsv, wakabadilisha mkato kuwa Tab na kuona kazi imekwisha. Tatizo ni alama za kunukuu. Fankisheni hiyo huamini kwamba kipande kinachoanza na alama ya kunukuu hakijaisha mpaka alama ya pili ionekane. Faili la GeoNames halifuati kanuni hiyo. Alama ikijitokeza humo, ni sehemu ya jina tu. Ikikosa mwenzake, fankisheni huendelea kumeza mistari inayofuata, na vijiji vizima hupotea ndani ya jina la kijiji kimoja bila onyo lolote. Njia salama ni ya kizamani: soma mstari mmoja, ukate kwa fankisheni ya explode penye Tab, kisha hesabu vipande. Visipotimia 19, mstari huo uandikwe kwenye faili la mistari iliyokataliwa pamoja na namba yake. Kuuruka kimya kimya ni kufuta kijiji cha watu.

Kipo kikwazo kingine, na hiki kinatoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Chang'ombe na Nyang'hwale zina ritifaa, na kwa SQL ritifaa ni alama ya kufunga maneno. Skripti inayounganisha jina na amri ya INSERT kama anayeshona viraka itakwama hapo hapo kwenye ng'. Dawa si kuondoa ritifaa, maana Changombe si Chang'ombe. Dawa ni amri iliyoandaliwa mapema, yenye nafasi zilizoachwa wazi, ambamo thamani hupelekwa kando na haziwezi kuchanganywa na amri. Amri hiyo huandaliwa mara moja, ikatumika kwa kila mstari, na mistari elfu moja moja ikafungwa ndani ya muamala mmoja ili diski isisumbuliwe kwa kila kijiji.

Msimbo wa mkoa nao unaonekana kama namba, kumbe ni maandishi. Rukwa ni 24, Mbeya ni 09. Safu ikitengenezwa kuwa ya namba kamili, 09 hugeuka 9, na ukija kuioanisha na orodha ya mikoa, ambako imeandikwa TZ.09, Mbeya haionekani. Rukwa itapita salama kwa sababu msimbo wake hauanzi na sifuri, na hapo ndipo hatari ilipo: anayejaribu skripti kwa mkoa wake tu atadhani kila kitu ni sawa.

Sasa ile mita 0. Safu ya mwinuko katika TZ.txt mara nyingi ni tupu. MySQL, kupitia amri ya LOAD DATA LOCAL INFILE, ikikuta kipande kitupu kwenye safu ya namba huweka 0 na kutoa onyo ambalo wachache hulisoma. Skripti makini huweka NULL, yaani hakuna thamani, kisha huchukua mwinuko kutoka safu inayofuata, iliyokadiriwa kwa ramani za kidijitali za ardhi. Idadi ya watu inahitaji uangalifu huo huo. Vijiji vingi vimeandikwa 0 kwa maana ya kwamba takwimu haipo, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,540,519 katika Mkoa wa Rukwa. Sifuri hiyo nayo igeuzwe NULL, la sivyo wastani wowote utakaopigwa utakuwa wa uongo.

Mwisho, faili hubadilika. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikaondoka na Mpanda. Jedwali lililojazwa kabla ya hapo na lisiloguswa tena linaendelea kuihesabu Mpanda kuwa ya Rukwa. Ndiyo maana namba ya utambulisho ya GeoNames hufanywa ufunguo mkuu, na INSERT huongezewa ON DUPLICATE KEY UPDATE, ili skripti irudiwe bila kuzaa Sumbawanga mbili. Ikimaliza, mistari ya faili ilinganishwe na safumlalo zilizoingia pamoja na zilizokataliwa. Kisha itafutwe Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, na kuangaliwa kama mwinuko wake ni wa ziwa lililo juu ya mita 760 au ni ile sifuri tena.