Kanisa la Mkunazini na Ushuhuda wa Mawe Yake

Mkunazini maana yake ni mahali penye mkunazi, na asiyejua habari angedhani ni jina la bustani. Lakini uwanja ule wa mji wa Unguja ulikuwa soko la watumwa hata mwezi wa Juni 1873, Seyyid Barghash alipokubali kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo.

Jengo lenyewe lastahili sifa. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikwisha kutoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja, hakuliezeka kwa mbao. Alilifunika kwa tao moja refu la simenti na matumbawe yaliyopondwa. Walikuwako waliosema litaanguka, nalo lingali limesimama. Umbo la madirisha ni la Ulaya, bali mwili wa jengo ni wa pwani. Ndivyo na lugha ipokeavyo neno geni, ikalivika sauti yake.

Ndani, yasemekana madhabahu imesimama palipokuwa na mti wa kuwapigia watumwa. Msalaba mmoja umechongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone.

Hata hivyo, masimulizi yatolewayo pale yataka kupimwa. Katika jumba la jirani wageni huonyeshwa vyumba vya chini, wakaambiwa kwamba watumwa walifungwa humo. Lakini jumba lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wako wanahistoria wanaoikana habari hiyo. Tena, kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa: sheria ya Unguja iliutambua hata mwaka 1897. Kanisa lilijengwa kati ya watu ambao wengi wao walikuwa watumwa bado.

Kwa nini tujishughulishe na haya sisi wa Kidahwe? Wengi waliouzwa Unguja walitoka pande za Nyasa kwa njia ya Kilwa. Lakini wako na waliovushwa Ziwa Tanganyika, wakafikishwa Ujiji, wakaongozwa Tabora hata pwani. Katika madarasa yetu huenda wakaketi pamoja wajukuu wa waliofungwa, wa wapagazi, na wa wenye misafara. Mtoto akigundua kwamba mwalimu ametia chumvi katika jambo moja, atayashuku na yaliyo kweli.

Nje ya kanisa liko shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Haidai kwamba shimo lile ndipo walipofungwa. Yawakumbusha tu waliouzwa. Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake Mkunazini na aanzie hapo, kisha awaingize kanisani, akitenga waziwazi lijulikanalo na lisimuliwalo.